Tableti ya Wino na Ile "A" Iliyotupatia Kombe

Kwaya yetu ilichukua kombe kwa kuimba herufi moja.

Sitanii. Herufi moja tu. "A."

Tuliivuta ile "a" mpaka mgeni rasmi akaangalia saa. Mpaka mtoto mchanga wa mtu akaacha kulia ili asikilize. Mpaka dereva mmoja anayeimba besi akabadilika rangi.

Halafu tukapewa kombe.

Na chanzo cha yote ni tableti niliyoichagua mimi mwenyewe, dukani, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu. Kaeni vizuri niwape mkasa, maana kuna watu mnataka kununua hizi tableti za wino na hakuna anayewaambia ukweli.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha sabuni. Kazi yangu ni kuhesabu magunia na kugombana na madereva. Lakini kazi ikiisha jioni, mimi ni mwalimu wa kwaya ya kiwanda, na hapo hata meneja ananiita Mwalimu.

Mazoezi tunafanyia kwenye ukumbi wa kufungia paketi, katikati ya maboksi. Sauti ya kwanza na ya pili ni akina mama wa kwenye mkanda, wale wanaopanga sabuni kwenye maboksi zikiwa zinapita mbele yao. Sauti ya tatu ni mafundi wa mashine. Besi ni wapakiaji na madereva wa foko, zile gari ndogo za kunyanyulia mizigo. Kwa sababu ya vumbi la sabuni, besi inapiga chafya kwa zamu.

Hiyo ndiyo kwaya yangu. Naipenda kupita kiasi. Stoo hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi.

Sasa, kila mwaka kuna mashindano ya kwaya za viwanda. Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, niliaibika aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa naoga, najikuta nimesimama na kopo mkononi.

Ukumbini kulikuwa na feni kubwa ya kusimama, imewekwa kwa heshima ya mgeni rasmi. Mtu akaigeuza kidogo tu.

Karatasi zangu za nota zikaruka zote.

Moja ikamkaa mgeni rasmi usoni, pah! Nikaokota nilizoweza, nikazipanga nilivyoweza, nikaanza upya. Tukaanza na wimbo wa kusifu kazi, katikati tukaingia wimbo wa kuaga marehemu, tukamalizia kwa kumkaribisha bibi harusi.

Watu walicheka wakashikana mabega.

Kuanzia siku ile kiwanda kizima wakaniita Mwalimu Feni. Mpaka mlinzi wa getini. "Pita, Mwalimu Feni, leo upepo upo wa kutosha?"

Mwenyekiti wa kwaya, ambaye ndiye mhasibu wa kiwanda, akaniita pembeni.

"Mwalimu, tunakuheshimu sana," akasema. "Lakini ukituaibisha tena, ualimu anachukua shemeji yako."

Hapo moyo ulishuka mpaka kwenye soksi.

Shemeji huyo ni dada mkubwa wa mke wangu. Kiwandani yeye ndiye msimamizi wa mkanda. Ana sauti ambayo akisema "Haya!" moja, hata mashine mbovu inajitahidi. Kila Jumapili anakuja kwetu, anakalia kiti changu, anauliza kwa nini chumvi imezidi. Sasa huyo ndiye achukue na kwaya? Nibaki na nini?

Nikamwambia mke wangu nimepata suluhisho. Natoa hela ya likizo, nanunua tableti. Nota zote zinaingia humo ndani, hakuna karatasi, hakuna kuruka.

Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Akaniangalia.

"Hela ya mapazia?"

"Mapazia yatakuja."

"Mume wangu, vibanio hivi hapa kwenye kamba. Chukua vinne, bana karatasi zako, nenda kaimbishe."

"Mwalimu wa kwaya hawezi kusimama mbele ya mgeni rasmi na vibanio vya nguo!"

"Lakini kumpiga na karatasi usoni anaweza."

Nikaona mazungumzo yamefika mwisho. Nikavaa shati, nikaenda mjini.

Dada wa duka alikuwa anatafuna chingamu.

"Nataka tableti," nikasema. "Ya kusomea na kuandikia. Isiyopeperuka."

Akaacha kutafuna. "Isiyo nini?"

"Hata ikipigwa na feni."

Akaniangalia kama anatafuta ndugu zangu walionileta. Halafu akanitolea tatu, akazipanga juu ya kioo.

"Hizi zote ni za wino," akasema. "Haziumizi macho kama simu. Ndani kuna wino unaojipanga wenyewe, unasoma kama karatasi. Hata juani unaona vizuri. Na chaji inakaa mpaka unasahau chaja uliiweka wapi."

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kiganjani. Ina taa yake, inageuza kurasa chap chap, lakini haiandikwi. Nikaiegemeza kwenye boksi, nikarudi nyuma hatua kama niko jukwaani, nikainua mikono.

Sikuona kitu. Nota zilikuwa sisimizi.

Ya pili ni ya wastani, ina rangi. Zilikuwa zimepauka kama shati lililofuliwa na watu wasiolipenda.

"Nota zina rangi?" nikauliza.

"Hazina."

"Basi weka kando."

Ya tatu, jamani. Kubwa, karatasi kamili. Nyembamba. Ina kalamu yake. Nikaishika ile kalamu nikaandika: do, re, mi.

Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Weee! Ile sauti! Kalamu inakwaruza vilevile kama penseli kwenye karatasi. Nikaandika fa. Nikaandika so. Nikafumba macho nikaandika la. Nilikuwa nimeshapenda, na mimi nikipenda sisikii la mtu.

"Nikwambie ukweli, mzee," dada akasema. "Hii kubwa ni nzuri kwa kuandika. Ila ukiipa mafaili mazito, inafikiria kwanza ndiyo igeuze ukurasa."

"Iache ifikirie. Siku hizi wanaofikiria ni wachache."

"Ungeleta nota zako tukajaribu nazo hapa."

"Nimeshajaribu," nikasema. Na nilichokuwa nimejaribu ni mkwaruzo wa kalamu.

Mteja nyuma yangu, kashika simu iliyopasuka, akashindwa kuvumilia. "Mzee, unanunua au unaimbisha?"

Nikanunua.

Nyumbani nikatoa nota zangu zote, za zamani na za wimbo mpya. Nyingine zina miaka, zimejaa alama zangu za kalamu nyekundu: hapa vuta, hapa tulia, hapa besi msipige chafya. Nikasema hizi sizichapi upya, alama hizi ni jasho langu. Nikazipiga picha kwa simu moja moja, nikaweka ule ubora wa juu kabisa, nikazitia kwenye tableti.

Mke wangu akachungulia. "Umepiga mpaka doa la chai."

"Lile doa liko kwenye ubeti wa mwisho. Linanikumbusha nianze polepole."

Jumapili shemeji akaja, akakalia kiti changu, akaona tableti mezani. Akaichukua. Akaipindua. Akaanza kukwangua skrini na ukucha.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Natoa hii stika. Vitu vipya mnaviacha na stika mpaka vinazeeka."

"Siyo stika, ndiyo skrini yenyewe!"

"Skrini gani haiwaki?" Akakwangua tena kuhakikisha. "Umeuziwa karatasi iliyogandishwa, shemeji. Pole."

Mke wangu akaingia jikoni. Nilisikia anacheka na sufuria.

Mazoezini mambo yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo nilipopotea. Mimi mazoezini sijawahi kufika mwisho wa ukurasa bila kumsimamisha mtu. "Besi, simameni! Sauti ya pili, mmekula nota!" Nasimamisha, naandika, kwaruu, nageuza ukurasa, nawafokea kidogo, tunaanza tena. Sasa wakati mimi nafoka, tableti nayo huko inafikiria kivyake. Sikujua. Nikimaliza kufoka, ukurasa uko tayari.

Siku ya mashindano ikafika. Ukumbi uleule, na feni ileile.

Kabla yetu waliimba watu wa kiwanda cha magodoro. Ubeti wa pili tu, feni ikawachukulia karatasi mbili. Mwalimu wao akaruka kuzidaka. Nilitabasamu, nakiri. Nikamtupia jicho mke wangu aliyekaa na wageni, nikamwonyesha tableti juu juu. Akajifanya hanijui.

Tukaitwa.

Nikaiegemeza kwenye stendi. Feni ikanipepea. Tableti haikutikisika hata kidogo! Nikajiona mfalme.

Wimbo wetu ulikuwa mpya, wa sauti nne, na kila ubeti unaishia kwenye neno "furaha". Na kila ubeti una ukurasa wake. Nikainua mkono, wakaingia pamoja kama mtu mmoja. Sauti ya kwanza juu, besi chini, hakuna chafya. Tukafika mwisho wa ubeti: "...twafanya kazi kwa furahaaa..."

Nikagusa skrini kugeuza.

Ukurasa haukugeuka.

Nikagusa tena. Skrini ikafumba, ikawa nyeusi. Ikafumbua, ikawa nyeupe. Nyeupe tupu.

Na kichwa changu, kwa kuona ukumbi ule na feni ile, kikawa cheupe vilevile. Wimbo nilioutunga kwa mkono wangu sikukumbuka hata neno linalofuata.

Mkono wangu wa kulia umebaki hewani. Siwezi kuushusha, maana nikiushusha nitashushia nini? Nikasema moyoni, basi. Sasa watanyamaza mmoja mmoja, watu watacheka, na kesho nitakuwa Mwalimu Tableti.

Lakini hawakunyamaza.

"...aaaaaaaaaa..."

Nikawaangalia. Macho yote yako kwenye mkono wangu. Sauti ya kwanza wanaivuta. Sauti ya pili mmoja anaiba pumzi, mwenzake anabeba, halafu wanapokezana. Hakuna pengo.

"...aaaaaaaaaa..."

Nikamwangalia shemeji. Amesimama mstari wa mbele, kanikazia macho, mdomo wazi, anavuta kama king'ora cha kiwanda. Nikajua. Ndiyo maana yake! Ananimaliza. Anataka ukumbi mzima uone mwalimu nimekwama, hawanyamazi ili nionekane vizuri zaidi.

Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, na nadhani jasho hilo ndilo lililokuwa linachanganya tableti zaidi.

Nyuma ya ukumbi mtu akacheka. Kisha akanyamaza, maana hakuna mwingine aliyecheka.

Ukurasa ukatokea!

Nikashusha mkono, wakaingia ubeti wa pili wote kwa pamoja, kwa nguvu kama maji ya bomba lililozibuka. Watu wakashtuka kwenye viti.

Ubeti wa pili ukaisha. Nikagusa. Nyeusi. Nyeupe. "...aaaaaaaa..." Ukatokea.

Wa tatu. Vilevile.

Sasa ubeti wa mwisho. Ule wenye doa la chai. Ule ambao nilikuwa nimeuandikia maelezo kuliko zote, kwaruu kwaruu jioni baada ya jioni. Nikagusa, na tableti ikazama kwenye mawazo ambayo hata mwanafalsafa hajawahi kuzama.

"...aaaaaaaaaaaaaaaaaaaa..."

Dereva wa foko kwenye besi akageuka rangi. Fundi mmoja akafumba macho. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Mgeni rasmi akaangalia saa, akaangalia feni, akaniangalia mimi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akaweka mkono kifuani. Na mwenzake akasimama. Na wengine.

Mimi nilikuwa naomba dua na kidole kikiwa kwenye skrini.

Ukatokea. Doa la chai kwanza, halafu nota.

Nikashusha mkono.

Ukumbi ulilipuka hata kabla hatujamaliza. Watu wanapiga makofi, wanapiga meza, mtu wa magodoro anapiga miguu. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa anajifuta machozi.

"Miaka yote nimesikia kwaya zikikimbilia mwisho," akasema alipokuja kwenye kipaza sauti. "Leo nimeona mwalimu mwenye ujasiri wa kusubiri. Mkono ule hewani! Utulivu ule!"

Utulivu gani, mama yangu. Nilikuwa nakufa.

Tukapewa kombe.

Wenzangu wanashangilia, mimi natafuta mtu mmoja tu. Nikamkuta shemeji nyuma ya ukumbi, anakunywa maji moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

"Shemeji," nikasema, "ulitaka kuniaibisha mbele za watu. Uliona nimekwama. Mbona hukunyamaza?"

Akashusha dumu. "Ninyamaze vipi?"

"Si uliona tableti imeganda!"

"Tableti niione wapi, imekuelekea wewe. Mimi niliona mkono umesimama."

"Ndiyo! Sasa?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Hivi wewe miaka yote hii hujawahi kufika kwenye mkanda?"

Ni kweli. Stoo iko upande wa pili. Mkanda nauona ukiwa umelala, jioni, wakati wa mazoezi.

"Kwenye mkanda," akasema, "siku ya kwanza kabisa mtu anafundishwa kitu kimoja. Mkanda ukisimama, usiachie. Ulichoshika, shikilia hapohapo ulipo. Ukiachia na mwenzako akaachia, mkanda ukiwaka kila kitu kiko sakafuni. Sasa mkono wako ndio mkanda wetu. Umesimama. Tukashikilia."

"Mngeshikilia mpaka lini?"

"Mpaka uwake."

Alisema kikawaida tu, kama anavyosema chumvi imezidi. Machozi yalinitoka, nikasingizia sabuni.

"Na ualimu?" nikauliza. "Mwenyekiti alisema utachukua wewe."

"Mimi?" Akacheka. "Nisimame nimewapa watu mgongo? Gauni hili nimelitia urembo mbele, shemeji. Mbele!"

Mngedhani mkasa umeishia hapo. Bado.

Wiki iliyofuata nikarudi dukani na tableti yangu, nimekunja uso. "Dada, mlinipa kifaa kizito. Kimetaka kuniua."

Akaifungua, akaangalia, akacheka mpaka chingamu ikamtoka. "Mzee, kifaa hakina kosa. Hizi picha umezipiga kwa ubora wa kubandika ukutani! Kila ukurasa una uzito wa sinema." Akachezea kompyuta yake kidogo, akazipunguza. Akagusa. Ukurasa ukageuka hapohapo, hata kope sikupepesa.

Kumbe kizito nilikuwa mimi.

Jioni nikaenda mazoezini natembea kwa madaha. Tukaanza wimbo. "...kwa furahaaa..." Nikagusa, ukurasa ukaja palepale, nikashusha mkono tuingie ubeti wa pili.

Nikaingia peke yangu.

Kwaya yote iko "...aaaaaaa..." Wameshazoea! Kumbe wiki nzima akina mama wanaifanyia mazoezi kwenye mkanda, wanashindana kupokezana pumzi. Besi wamejipangia zamu. Nikapunga mikono, nikapiga makofi, wapi. Ndio kwanza dereva wa foko kafumba macho, anafurahia.

Shemeji ndiye aliyewanyamazisha. Akanigeukia.

"Umeifanya nini hiyo tableti?"

"Imetengenezwa. Inakimbia sasa."

"Nani kakutuma? Rudisha uzito wake!"

Kwa hiyo kesho yake nikasimama tena mbele ya dada wa duka.

"Naomba unirudishie iwe nzito."

Chingamu ikasimama mdomoni. "Mzee. Watu wanakuja hapa wanalilia kasi."

"Najua. Mimi naomba ifikirie. Kama zamani."

Akanirudishia. Na kwenye mashindano ya mwaka huu, kiwanda cha magodoro nao walifika mwisho wa ubeti wakaanza "aaaaa", mwalimu wao kainua mkono, anatazama dari kwa utulivu. Karatasi mkononi! Hana hata tableti! Wakaishiwa pumzi njiani, maskini, kwa sababu magodoro hawana mkanda kama wetu.

Basi funzo ndilo hili, kwa wewe unayetaka kununua. Usiende dukani na vidole vitupu ukapenda mkwaruzo wa kalamu. Nenda na nota zako, nenda na doa lako la chai, ujaribu na kazi yenyewe. Ndogo au kubwa, yenye taa au isiyo na taa, hilo utajijua. Lakini siku kifaa kitakapokugandia mbele za watu, na kitaganda tu, angalia walioko mbele yako kabla hujawafikiria vibaya. Mimi nilikaa mwaka mzima nikimwogopa mtu ambaye ndiye aliyekuja kunishikilia.

Na wanaoniuliza ile stendi ya tableti imekuwaje, maana mwaka huu feni ilisogezwa karibu zaidi ikaanza kuiyumbisha: ndiyo, nimeibana na vibanio vya nguo. Vinne.

Mke wangu asionyeshwe hii.